Cornwall: kaunti iliyoizika lugha yake, kisha ikaifukua

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, Uingereza ikitajwa mawazo ya wengi wetu hukimbilia London, kasri la mfalme na vilabu vya kandanda. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba nchi ile nayo ina pembe zake, ina watu wa pwani na watu wa bara, wenye mila zao, matani yao na manung'uniko yao dhidi ya makao makuu. Wiki hii tuitembelee pembe moja kama hiyo. Inaitwa Cornwall, na ingawa kwenye karatasi za serikali ni kaunti kama zilivyo nyingine, wenyeji wengi wa huko watakwambia bila kupepesa macho kwamba wao si Waingereza bali ni Wakorni.

Waingereza huigawa nchi yao katika kaunti, ambazo kwa mfano wa Tanzania tunaweza kuzilinganisha na mikoa. Chukua ramani, utazame upande wa kushoto, chini kabisa. Utaona ncha ya nchi kavu iliyojitokeza baharini kama mguu wa mtu anayepima kina cha maji. Hiyo ndiyo Cornwall. Bahari imeizunguka kaskazini, magharibi na kusini. Upande wa mashariki imetengwa na kaunti jirani ya Devon kwa Mto Tamar, ambao chimbuko lake liko kilomita chache tu kutoka pwani ya kaskazini, kisha unateremka mpaka pwani ya kusini. Kwa hiyo Cornwall ilikosa kidogo tu kuwa kisiwa.

Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 3,560, yaani zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Unguja. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 570,000. Jiji ni moja tu, Truro, na hilo lenyewe ni dogo kuliko miji yetu mingi ya wilaya. Daraja la reli linalouvuka Mto Tamar lilifunguliwa mwaka 1859, kazi ya mhandisi mashuhuri Isambard Kingdom Brunel. Daraja la barabara lilifuata mwaka 1961, na hilo lina mzaha wake. Ushuru wa daraja hutozwa kwa magari yanayotoka Cornwall tu. Anayeingia hupita bure. Wenyeji husema hiyo ni haki kabisa, maana kuingia Cornwall ni neema, na anayetaka kuikimbia na alipe.

Majina yasiyo ya Kiingereza

Mgeni anayesafiri huko hutambua haraka kwamba majina ya mahali hayafanani na ya sehemu nyingine za England. Vijiji vingi, na koo nyingi pia, vina majina yanayoanza na Tre, Pol au Pen. Hayo si maneno ya Kiingereza. Ni ya Kikorni, lugha ya wenyeji, ambayo ni ndugu wa Kiwelshi cha Wales na Kibretoni cha kaskazini-magharibi ya Ufaransa. Tre maana yake ni boma au makazi, Pol ni bwawa, na Pen ni kichwa au rasi. Mji wa Penzance, kwa mfano, maana yake ni rasi takatifu.

Kwa kuwa Waingereza hawakuielewa lugha hiyo, waliyageuza majina yake mpaka mengine yakawa vichekesho. Kilima kirefu kuliko vyote huko, chenye mita 420, huitwa Brown Willy, jina ambalo huwachekesha sana watoto wa shule wa Kiingereza. Asili yake inafikiriwa kuwa Bronn Wennili, yaani kilima cha mbayuwayu. Vivyo hivyo ncha ya kusini kabisa ya kisiwa kikuu cha Uingereza huitwa Lizard, neno ambalo kwa Kiingereza ni mjusi. Watalii huwatafuta mijusi hao wasiwaone, kwani jina hilo linaaminika kuwa limetokana na maneno ya Kikorni yenye maana ya baraza lililo mahali pa juu. Magharibi kabisa ipo Land's End, mwisho wa nchi. Kutoka hapo mpaka John o'Groats, upande wa pili huko Scotland, ni safari ya barabara ya kilomita zipatazo 1,400, na kila mwaka wapo watu wanaoikata kwa miguu au kwa baiskeli.

Sasa msikilizaji anaweza kuuliza: ikiwa majina yamebaki, wenye lugha walikwenda wapi?

Mhunzi, mwanasheria na Kitabu cha Sala

Wenye lugha hawakwenda popote. Walikuwapo, na walikuwa watu wa kujibu. Mwaka 1497 Mfalme Henry wa Saba alitoza kodi ya kugharamia vita dhidi ya Scotland. Wakorni waliuliza: Scotland iko mbali sana nasi, vita hivyo vinatuhusu nini? Mhunzi mmoja wa kijiji cha St Keverne, Michael Joseph, aliyejulikana kwa lugha yao kama An Gof, yaani mhunzi, aliungana na mwanasheria wa mji wa Bodmin, Thomas Flamank. Waliongoza maelfu ya watu kwa miguu mpaka kwenye kingo za London. Huko Blackheath, tarehe 17 Juni 1497, walishindwa na jeshi la mfalme, na siku kumi baadaye viongozi hao wawili wakauawa. Miaka 500 baadaye, yaani mwaka 1997, Wakorni waliitembea tena njia ile ile kwa miguu kutoka St Keverne hadi Blackheath, kuwakumbuka wazee wao.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1549. Serikali iliamuru kwamba kuanzia Sikukuu ya Pentekoste ya mwaka huo ibada katika makanisa yote iendeshwe kwa Kitabu cha Sala cha Kiingereza, na Misa ya Kilatini ikome. Watu wa Cornwall na Devon waliasi. Katika madai yao Wakorni walisema kwamba baadhi yao hawakijui Kiingereza kabisa, kwa hiyo wanakikataa kitabu hicho. Waliuzingira mji wa Exeter, lakini jeshi la serikali lilipofika liliwaua kwa maelfu.

Hapa inafaa tutue kidogo, maana ndipo njia za ndugu wawili zilipoachana. Wale ndugu zao wa Wales nao walikuwa na lugha yao. Lakini mwaka 1563 sheria iliamuru maandiko yatafsiriwe kwa Kiwelshi. Agano Jipya na Kitabu cha Sala vikatoka mwaka 1567, na Biblia nzima mwaka 1588. Kwa hiyo kila Jumapili mkulima wa Wales aliisikia lugha yake ikisomwa kwa heshima mbele ya watu. Mkorni hakupata kitabu hicho. Lugha yake ilibaki ya shambani, ya sokoni na ya mashuani, na Kiingereza kikawa lugha ya kanisa, ya mahakama na ya mtu mwenye fedha. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu wasemaji wa Kiwelshi zaidi ya laki tano nchini Wales. Kikorni hakikubahatika hivyo.

Mama muuza samaki wa Mousehole

Kiko kijiji cha wavuvi karibu na Penzance kiitwacho Mousehole. Mwaka 1595 Wahispania walikishambulia kwa merikebu na kukichoma moto, nyumba moja tu ikasalimika. Kijiji kikajengwa upya, na ndicho kilichokuja kuwa miongoni mwa ngome za mwisho za Kikorni.

Mwaka 1768 msomi mmoja wa Kiingereza, Daines Barrington, alifika huko akitafuta kama yupo mtu aliyebaki anayeisema lugha hiyo. Alielekezwa kwa mama mmoja mzee, mchuuzi wa samaki, aitwaye Dolly Pentreath. Barrington alijifanya kuwa na shaka kama kweli mama huyo anaweza kusema Kikorni. Dolly alimporomoshea maneno kwa dakika mbili tatu kwa sauti ya ukali. Bwana yule hakuelewa hata neno moja, lakini wanawake jirani waliokuwa wakisikiliza walikuwa wakicheka. Walipoulizwa, walieleza kwamba mama alikuwa akimtukana kwa kumdhania kwamba hajui lugha yake mwenyewe.

Dolly Pentreath alifariki Desemba 1777, na vitabu vingi humtaja kuwa msemaji wa mwisho wa Kikorni. Mwaka 1860 Louis Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon na mtaalamu wa lugha, alimjengea ukumbusho pamoja na kasisi wa parokia ya Paul. Mchuuzi wa samaki kujengewa ukumbusho na mtu wa ukoo wa kifalme ni jambo la nadra popote duniani.

Lakini wale majirani waliocheka wanatuonyesha kwamba Dolly hakuwa peke yake. Mwaka 1776 mvuvi mmoja wa hapo Mousehole, William Bodinar, alimwandikia Barrington barua kwa Kikorni na Kiingereza. Alisema yeye alijifunza Kikorni utotoni, alipokuwa akienda baharini na baba yake pamoja na wavuvi wengine watano, na wiki nzima ilipita bila kusikia Kiingereza mashuani. Akaongeza kuwa sasa kijijini wamebaki wanne au watano tu wanaojua kuisema, wote wazee, na vijana wameisahau kabisa. Bodinar alifariki mwaka 1789. Maneno mawili matatu, hesabu za wavuvi na majina ya vitu yaliendelea kusikika hapa na pale kwa karne nyingine nzima, lakini lugha ya kuzungumza haikuwapo tena.

Itazame barua hiyo kwa makini, msikilizaji. Bodinar hakusema kwamba askari walipita nyumba kwa nyumba wakiwakataza watu. Alisema vijana wameisahau. Mfalme aliipokonya lugha heshima yake, hilo ni kweli, na damu ilimwagika. Lakini kuanzia vita vya mwaka 1549 hadi kifo cha Dolly ni zaidi ya miaka 220. Katika miaka hiyo kazi ya kuimaliza ilifanyika polepole ndani ya nyumba, mzazi mmoja baada ya mwingine akiamua kwamba mtoto wake atapata riziki kwa Kiingereza, basi Kikorni kiishie kwake yeye.

Watu wa chini ya ardhi

Lugha ilipokwisha, kilichobaki kuwaunganisha Wakorni kilikuwa kazi. Na kazi yao kubwa ilikuwa kuchimba bati. Hapa simaanishi mabati ya kuezekea, bali madini yenyewe ya bati, ambayo hutumika kulehemu na kupaka makopo ya chakula yasishike kutu. Bati limechimbwa huko tangu zama za shaba nyeusi, kwa kuwa shaba nyeusi haipatikani bila kuchanganya shaba na bati. Mwaka 1201 Mfalme John aliwapa wachimbaji hati ya haki zao, na baadaye walikuwa na mahakama na hata bunge lao wenyewe.

Kazi hiyo ilizaa mafundi. Richard Trevithick, mzaliwa wa Cornwall, aliendesha gari la mvuke katika mji wa Camborne mkesha wa Krismasi wa mwaka 1801, na mwaka 1804, huko Wales, injini yake ikawa ya kwanza duniani kuvuta mabehewa juu ya reli. Humphry Davy wa Penzance alitengeneza mwaka 1815 taa ya wachimbaji isiyolipua gesi ya mgodini. William Bickford alivumbua mwaka 1831 utambi wa baruti unaoungua kwa kasi inayojulikana, ukawaokoa wachimbaji wengi wasilipuliwe na baruti zao wenyewe. Ajali hata hivyo hazikukosekana. Katika mgodi wa Levant, tarehe 20 Oktoba 1919, mtambo wa kuwapandisha na kuwashusha wachimbaji ulikatika, watu 31 wakafa.

Kuanzia miaka ya 1860 bei ya shaba iliporomoka, kisha ya bati ikafuata kwa sababu ya ushindani wa Australia na Malaya. Wakorni walifunga virago. Walikwenda Australia, Marekani, Meksiko na Afrika Kusini, na ukawa msemo kwamba popote duniani palipo na shimo, chini yake utamkuta Mkorni akichimba. Katika mji wa Real del Monte huko Meksiko, mpaka leo watu hula chakula cha Kikorni, na wachimbaji hao ni miongoni mwa waliopeleka kandanda nchini humo. Huko nyumbani, familia nyingi za Camborne na Redruth ziliishi kwa fedha za posta kutoka migodi ya Johannesburg. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, njaa ya Rand ilibisha hodi Cornwall. Nani kati yetu asiyeijua hali ya nyumba inayongoja fedha kutoka ugenini?

Mgodi wa mwisho, South Crofty, ulifungwa Machi 1998. Mwaka 2006 UNESCO iliyatangaza mandhari ya migodi hiyo, yenye majengo ya mawe na dohani zinazosimama peke yake juu ya majabali, kuwa urithi wa dunia.

Waya uliofika Unguja

Kipo pia kijiji kidogo kiitwacho Porthcurno, ambacho kinatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1870 ufukwe wake ulipokea waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari, ukiwa sehemu ya njia iliyounganisha London na Bombay kupitia Ureno, Gibraltar, Malta, Misri na Aden. Mwaka 1879 waya mwingine ulitandazwa kutoka Aden kuja Unguja, ukaendelea Msumbiji hadi Durban. Kwa hiyo habari iliyotoka London kuja Afrika Mashariki ingeweza kupita mikononi mwa makarani wa kijiji hicho kabla ya kutufikia. Jengo la zamani la simu lililoko Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, sasa ni sehemu ya hoteli. Kule Porthcurno, kituo chao kimekuwa makumbusho.

Na sisi watu wa redio tuna deni jingine. Tarehe 12 Desemba 1901, kutoka Poldhu huko huko Cornwall, kituo cha Guglielmo Marconi kilirusha angani ishara ya herufi S, naye Marconi akatangaza kwamba ameisikia akiwa ng'ambo ya Atlantiki, huko Newfoundland. Wapo wataalamu waliotilia shaka kama kweli aliisikia siku ile, lakini jambo lenyewe lilithibitika muda mfupi baadaye.

Chakula, ngoma na taa zinazozimwa

Chakula cha Wakorni huitwa pasty. Mfikirie sambusa kubwa ya kuokwa, iliyojazwa nyama ya ng'ombe, viazi, kitunguu na turnipu, na kukunjwa ukingo kama pindo la mkeka. Wachimbaji walishuka nayo mgodini. Inasimuliwa kwamba walibakiza kipande cha pembeni na kukitupia mizimu ya mgodini, ambayo hugonga kuta kuwaonya watu kabla mwamba haujaanguka. Tangu mwaka 2011 jina hilo lililindwa na sheria za Ulaya, hata asiyeitengenezea Cornwall asiruhusiwe kuiita ya Cornwall. Ugomvi mwingine wa mezani ni wa skonzi. Mkorni hupaka jemu kwanza, kisha malai juu yake. Mtu wa Devon huanza na malai. Kila upande humwona mwenzake hakulelewa vizuri.

Ngoma nazo zipo. Tarehe 1 Mei mji wa Padstow hutoa farasi wawili wa kuigiza, kila mmoja akiwa mtu aliyebeba duara kubwa lenye kitambaa cheusi na kinyago cha kutisha. Huzunguka mitaani kwa ngoma na kodiani, akaanguka kama amekufa, kisha akafufuka kwa shangwe. Tarehe 8 Mei, isipoangukia Jumapili au Jumatatu, mji wa Helston hucheza kwa jozi, wanaume wamevaa kofia ndefu na makoti yenye mikia, wakiingia mlango wa mbele wa nyumba na kutokea wa nyuma. Tarehe 5 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Piran, msimamizi wa wachimbaji wa bati. Bendera yake ni msalaba mweupe juu ya kitambaa cheusi, mfano wa bati jeupe linalotoka katika jiwe jeusi.

Lakini mila inayogusa moyo kuliko zote iko Mousehole, kijiji kile kile cha Dolly. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981 meli ya Union Star, iliyokuwa katika safari yake ya kwanza, ilizimika injini katika dhoruba kali. Wanakijiji wanane wa kujitolea walitoka na mashua ya uokoaji, Solomon Browne. Waliweza kuwatoa watu wanne, wakarudi kuwafuata waliobaki. Hakurudi mtu. Walikufa waokoaji wote wanane na watu wanane wa meli. Siku iliyofuata walikwisha kujitokeza watu wa kutosha kuunda kikosi kipya. Kijiji hicho hujulikana kwa taa zake za Krismasi zinazowashwa bandarini; na kila mwaka tarehe 19 Desemba taa hizo huzimwa kwa saa moja.

Kuifukua lugha

Turudi kwenye lugha. Mwaka 1904 Henry Jenner, aliyekuwa mfanyakazi wa makumbusho mashuhuri ya London, alichapisha kitabu cha kujifunzia Kikorni. Hakumwahidi mtu utajiri. Hoja yake ilikuwa kwamba lugha hiyo ni yao, basi. Malighafi ilikuwa tamthilia za dini za karne za kati, zilizokuwa zikichezwa katika viwanja vya duara, na ambazo miswada yake ilihifadhiwa maktabani. Mwaka 2000 mswada mwingine wa tamthilia ulionekana Wales, katika karatasi za profesa mmoja aliyekuwa amefariki.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Robert Morton Nance alipanga tahajia moja mwaka 1929, wengine wakaikataa na kutunga yao, hata ikafika wakati watu wachache wenye lugha moja wana tahajia tatu na hawaandikiani. Ilichukua mpaka mwaka 2008 kukubaliana juu ya maandishi rasmi. Serikali ya Uingereza ilikitambua Kikorni mwaka 2002. UNESCO iliwahi kuiorodhesha kama lugha iliyokufa, wenyewe wakalalamika, na mwaka 2010 ikabadilishwa kuwa lugha iliyo katika hatari kubwa. Mwaka 2014 Wakorni walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya wachache. Vibao vya mitaa sasa huandikwa kwa lugha mbili. Pamoja na hayo yote, katika sensa ya mwaka 2011 waliosema kwamba Kikorni ndiyo lugha yao kuu walikuwa 557 tu. Zaidi ya miaka mia moja ya juhudi, na hao ndio mavuno.

Na sasa kuna hofu nyingine. Uzuri wa pwani ile umewavutia matajiri wa mijini, nao hununua nyumba za wavuvi ili wakae wiki chache za kiangazi. Bei hupanda, kijana wa pale hana pa kupanga, naye huvuka Mto Tamar asirudi. Mei 2016 wananchi wa mji wa St Ives walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakataka nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya wakazi wa kudumu tu. Walikwisha kujifunza kwamba kijiji kisicho na watoto hakina wa kurithishwa kitu, iwe ngoma, iwe mashua ya uokoaji, iwe lugha.

Ndugu msikilizaji, Cornwall inatufunza jambo moja la kuchukua nyumbani. Ngoma ilidumu kwa kuwa watoto waliingizwa uwanjani. Pasty ilidumu kwa kuwa mama aliikunja binti akitazama. Lugha ilitoka kwa kuwa watu wema, waliowapenda watoto wao, walidhani ni lazima wachague moja, nao wakaona kuwasemesha watoto lugha ya bibi ni kuwachelewesha. Kuiacha hakukuwagharimu kitu siku ile. Walichotakiwa ni kunyamaza tu. Kuirudisha kumewagharimu wajukuu zao karne nzima ya madarasa ya usiku, mabishano na miswada ya maktabani, na bado hawajamfikia yule mama wa sokoni aliyeweza kumtukana msomi kwa dakika tatu bila kutafuta neno.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wakorni wangeweza kuongeza kwamba anayeirudia asili baada ya miaka mia mbili hulazimika kuisoma kitabuni kama mgeni. Kwa leo tuishie hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.